Kazi ya Kukaa

Mama yangu ana swali moja ambalo ameniuliza tangu nikiwa na meno yangu yote mpaka leo ambapo mawili ni ya kununua. "Unachoka nini, Loisi, na umekaa?"

Aliniuliza enzi za barua, akimwandikisha kaka yangu Abeli. Akaniuliza kwa simu ya posta, akaniuliza kwa simu ya mkononi. Siku moja nilikuwa nimetoka kupiga piano jioni tatu mfululizo katika miji mitatu, mabega yamekaza kama kamba ya kuanikia nguo, nikampigia kumwambia nimechoka. Nikawasikia kuku wa kijijini kwetu Gulwe wakigombana nyuma yake. Kisha akasema, "Kwani siku hizi wanakusimamisha?"

Simlaumu. Huyu ni mwanamke aliyelima uwele kwenye udongo unaotoa vumbi kuliko nafaka. Amemzika mume aliyefanya kazi relini hadi mgongo ukagoma. Na katika ujana wake alipiga ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo, akisimama na ngoma katikati ya mapaja toka asubuhi hadi jua linapinda. Kwake yeye kazi ina jasho na ina magoti. Mimi nafanya kazi ya kukaa. Majirani wakimuuliza binti yako huko Ulaya anafanya nini, anajibu, "Yupo tu."

Yupo tu. Laiti wangeliandika hilo kwenye mabango yangu, wangeokoa wino.

Basi nilirudi Dodoma mwaka huu kwa ajili ya jibu hilo, na kwa ajili ya vidole viwili. Kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kulia. Vilianza kujikunja vyenyewe katikati ya muziki, taratibu, kama mtu anayejifunika shuka. Haviumi. Daktari wa Leipzig, mji niliokaa muda mrefu kuliko popote, alisema ubongo wangu umechoka kuvitenganisha na dawa hakuna. Aliniambia kwa upole sana, nikatamani angenifokea. Nikaanza kuchagua muziki usiohitaji vidole hivyo. Kisha nikaanza kuugua mafua kila onyesho likikaribia. Mwisho nikabaki na onyesho moja mkononi, nikilitunza kama chaji ya simu kuukuu, na nikataka nilimalizie pale mama anapoweza kusikia. Anisikie mara moja, kisha aseme atakalo.

Nilianzia Dodoma hiyohiyo. Baba alinileta shule mjini, na katika ukumbi wa zamani wa kanisa kulikuwa na piano ya kusimama iliyoachwa na wamisionari pamoja na mwalimu wake, bibi mmoja wa kigeni aliyetembea na rula. Kiganja kikishuka, rula. Kiganja kikipanda, rula. Baadaye ikaja nafasi ya kusoma Ujerumani, nikaenda na koti la kuazima ambalo mpaka leo mwenyewe hajalidai.

Huko nikawa mpiga piano. Si yule mnayemwona kwenye televisheni, yule ni mwingine. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye shindano moja kubwa, na wa tatu si nafasi mbaya: wa kwanza anaonewa wivu, wa pili analia, wa tatu anakwenda kula. Nimepiga kwenye kumbi zenye dari za dhahabu na kwenye kantini ya kiwanda cha maziwa. Kiwandani walisikiliza vizuri zaidi, hawakuwa na pa kwenda. Katika mji mmoja nilifika mapema kujaribu piano, mlinzi akanikabidhi ndoo na dekio. Nikadeki jukwaa. Jioni nikatokea na gauni refu jeusi, nikainama, yule mlinzi pale mlangoni akabadilika rangi mara mbili. Nilipiga vizuri sana usiku ule. Sakafu ilikuwa safi.

Lakini vichekesho navyo vinachosha. Treni, sanduku, gauni jeusi linafuliwa kwenye sinki la hoteli na kukaushwa juu ya taa. Kila ukumbi una piano yake na kila piano ina ukorofi wake, na wewe una saa moja ya kupatana nayo. Mume wangu, mtu mwema, alisema anahisi ameoa mlango unaofungwa na kufunguliwa. Akaniacha, akatafuta ukuta. Alifanya vizuri.

Mapema mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma ukiwa kwenye shughuli yake ya kuhamisha vumbi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, nikaingia tena kwenye ule ukumbi. Priska, katibu wa kamati ya maandalizi, binti mwenye simu mbili na haraka ya watu wanne, alinitangulia.

"Piano ipo, Madam. Mzee Batholomeo ameitunza kama mtoto."

Mzee Batholomeo nilimwacha akiwa kijana mtunza ukumbi. Nilimkuta bado mtunza ukumbi, ila ujana ameuweka mahali akasahau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Na wewe umekonda."

"Basi tumegawana." Akacheka, akavuta lile pazia la zamani lililofunika kitu kwenye kona. "Tazama. Mabenchi yote ya ukumbi huu yaliliwa na mchwa. Mimbari ya zamani, waliila ikabaki rangi. Milango tumebadilisha. Hiki kinanda hawajagusa hata mguu!"

Kilikuwa kizima kweli. Kiling'aa. Kilinuka gereji.

Nikafungua kifuniko cha juu, nikachungulia ndani, na moyo wangu ukakaa chini kabla yangu. Kila kitu kilikuwa cheusi. Mbao nyeusi, nyuzi nyeusi, zile pini za chuma zinazokaza nyuzi nyeusi tii. Nyundo ndogondogo, ambazo huvikwa sufu ili zigonge uzi kwa ulaini, zilikuwa zimelowa na kukauka na kulowa tena hadi zikawa kama vidole vya fundi wa magari.

"Mzee," nikasema polepole, "umepaka nini humu?"

"Oili chafu." Alisema kwa fahari. "Kila kiangazi, kabla ya mvua, nakwenda gereji naomba oili chafu. Mchwa wa Dodoma haogopi sala, anaogopa oili. Napaka na brashi. Nje, ndani, nyuma."

"Na hizi pini?"

"Hizo ndizo nilizipa zaidi. Chuma kikikauka kinashika kutu."

Pini za piano hazina skrubu wala gundi. Zinashikilia kwenye ubao mkavu kwa ukavu wake tu, chuma na mti vimekumbatiana. Ukitia mafuta pale, umewatenganisha wanandoa. Lakini unamwambiaje hayo mtu aliyekibembeleza kinanda chako miaka yote uliyokuwa huko unadeki majukwaa? Hapa kwetu mtu akikipenda kitu cha mbao anakipaka oili chafu. Nguzo ya banda, mlango, kitanda cha harusi. Angefanya nini kingine?

Nikabonyeza kibonyezo cha katikati. Ilitoka sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Kinaongea!" Mzee Batholomeo akapiga makofi.

"Kinaongea, mzee," nikasema. "Asante kwa kukitunza." Nikacheka, maana kilio kilikuwa mlangoni na sikutaka kukifungulia mbele ya Priska.

Fundi alitoka Dar es Salaam, Mudrick, mtu wa makamo anayetyuni piano za mahotelini. Alishinda na piano ile kutwa nzima, shati likawa la rangi mbili. Jioni akanifuata nje nilikokuwa nimekaa kwenye ngazi nikikanda mkono wangu.

"Dada, nikuambie ukweli au nikuambie vizuri?"

"Anza na vizuri."

"Vizuri hakuna. Pini zinateleza kama mlenda. Naipandisha sauti, nikigeuka kuchukua kitambaa nakuta imeshuka. Nikiikaza muda uleule unapoanza, itakupa kipande kimoja cha heshima. Baada ya hapo kila uzi utakwenda kwao."

Priska alikuwa na suluhisho, watu wa kamati huwa nalo. "Kwaya ina kinanda cha umeme, Madam. Kizuri, kina midundo tayari ndani. Unabonyeza hapa, ngoma inajipiga yenyewe."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe unakaa tu."

Hata Priska! Nilikwenda kukitazama, kwa adabu. Kilikuwa kifupi. Muziki niliouandaa ungedondokea sakafuni pande zote mbili. Na kuahirisha haikuwezekana. Piano nyingine ingetoka Dar baada ya mwezi, na mkono wangu haukuwa na mwezi wa kunikopesha. Kila asubuhi vile vidole viwili viliamka mapema zaidi kwenda kulala.

"Tutatumia hii," nikamwambia Mudrick. "Kaza mpaka dakika ya mwisho."

Mama alifika Ijumaa. Abeli alimleta kwa gari kutoka Gulwe hadi nyumbani kwake Nkuhungu, akashuka na fimbo, kanga mbili na kuku aliyefungwa miguu.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa." Akanitazama juu hadi chini. "Wamekurudisha?"

"Nimerudi mwenyewe."

"Haya." Kwa sauti ya mtu ambaye atauliza ukweli kwa wengine.

Mke wa Abeli akaleta ugali wa uwele na mlenda. Nikanawa, nikamega tonge, na vile vidole vikajikunja palepale mezani, tonge likaniponyoka likaanguka kwenye mlenda, pwaa. Nikaomba kijiko.

"Kijiko?" Mama aliacha kutafuna. "Ugali kwa kijiko? Abeli, mletee na uma basi, na kisu, aukate kama keki."

Abeli alicheka hadi akapaliwa. Nikacheka pia. Nikasema ni mazoea ya kule. Mama hakucheka. Alitazama mkono wangu, kisha akatazama bega langu, kisha akaendelea kula.

"Mama," Abeli akasema baadaye, akitaka kutuchangamsha, "mwambie dada, nyinyi mkipiga muheme siku nzima, hamkuchoka?"

"Tulichoka. Kwani sisi mawe? Ila sisi tulisimama." Akanichoma na jicho. "Lakini kwenye kikundi chetu mpigaji hasemi amechoka. Ukisema umeshachelewa, mdundo umeshavunjika. Wenzako wanakutazama bega. Bega likianza kupanda kulifuata sikio, mmoja anakuja nyuma yako. Anakugusa. Anaweka mkono wake kwenye ngoma mkono wako ukiwa bado unapiga. Wewe unatoka chini yake. Wachezaji hawajui hata kama mtu amebadilika. Hiyo tunaita kupokea."

"Na mpigaji akikataa kutoka?" nikauliza. "Akisema bado ana nguvu?"

"Anapigwa kisigino."

Nilikuwa nimeyaona hayo nikiwa mdogo, nimebebwa mgongoni, na nikayasahau kama mtu anavyosahau pumzi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Wanakwaya na sare zao, wanafunzi wa chuo na simu zao, wazee wa kanisa, akina mama wa Gulwe waliopata lifti kwa sababu mama aliwaambia anakwenda kuangalia "kitu cha Loisi." Mzee Batholomeo alikaa mstari wa mbele kwenye suti, karibu na kinanda chake, kama mzazi wa bwana harusi. Mudrick alikaza pini ya mwisho, akaniachia kiti, akanong'ona, "Kimbia, dada."

Nikainama. Nikakaa.

Kipande cha kwanza kilikwenda. Sauti ilikuwa ya ndani ya blanketi, lakini ndani ya blanketi pia watu wanaambiana mambo. Vidole vikakaa sawa. Watu wakapiga makofi, na akina mama wa Gulwe wakatoa kigelegele kimoja cha majaribio.

Kipande cha pili nyuzi zikaanza safari. Noti mbili zilizokuwa dada zikawa mawifi. Nyuma mtoto akauliza kwa sauti safi, "Bibi, kimeharibika?" na bibi akamfinya. Nikatabasamu bila kugeuka. Nimeshapiga huku dari ikivuja, huku meya akikoroma. Si mara ya kwanza ulimwengu kushuka nusu sauti.

Cha tatu ndicho nilichokiwekea ile chaji yote. Ni kipande kirefu na cha polepole, cha mzee mmoja Mjerumani aliyekufa kabla reli haijafika Gulwe. Mkono wa kushoto unarudia jambo lilelile toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetwanga na mawazo yake yako mbali. Mkono wa kulia ndio unaosimulia. Nilikuwa nimefika katikati ya simulizi vidole vikajikunja.

Nikaendelea na vitatu. Unaweza kudanganya na vitatu, nimedanganya miji mizima. Lakini cha kati nacho kikaanza kuwafuata wenzake, na simulizi ikawa na mapengo, kama kinywa changu kabla ya yale meno ya kununua. Nikakaza. Nyuzi zinateleza, vidole vinafunga, jasho linaingia jichoni, na mkono wa kushoto unatwanga tu, maskini, haujaambiwa. Niliona wazi kwamba sitafika. Mama alikuwa mstari wa tatu, amekuja toka Gulwe kusikiliza hiki.

Ndipo nikasikia fimbo kwenye sakafu. Ko. Ko. Ko.

"Mama, kaa chini!" Abeli ananong'ona nusu ukumbi unasikia. "Watu wanasikiliza!"

"Hata mimi nasikiliza. Niachie kanga."

Fimbo ikapanda jukwaani. Priska alisimama, simu zote mbili mkononi, akakosa wa kumpigia. Kisha nikahisi kiganja begani, bega la kulia, lililokuwa limepanda hadi sikioni na mimi sikujua. Kiganja kikavu, kizito kuliko umri wake.

Mwili wangu ukajua. Sikuuliza. Nikasogea kushoto kwenye benchi, mkono wa kushoto ukiendelea kutwanga, na mama akakaa upande wa kulia. Hakugusa vibonyezo. Alijua vile si vyake. Akaweka viganja kwenye ubao wa mbele ya kinanda, juu ya vibonyezo, ule ubao mnene ulioshiba oili miaka yote, akasikiliza mizunguko miwili, kichwa kimeinama. Kisha akaingia.

Hakupiga muheme mzima. Alipiga pembeni ya mdundo wangu, akauzunguka, akauacha na kuurudia, na ule ubao ukatoa sauti nene ambayo Mzee Batholomeo alikuwa ameipika bila kujua. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama paka. Nyuma akina mama wa Gulwe walisimama. Kigelegele cha sasa hakikuwa cha majaribio.

Nilitaka kuendelea hivyo hadi jioni. Lakini mama, bila kunitazama, akanisogezea kisigino kwenye kifundo cha mguu. Nikajifanya sijakisikia. Akakirudia, kwa nguvu.

Basi nikatoa mkono wa kushoto. Mdundo haukuvunjika. Akaumaliza peke yake, mimi nikiwa nimekaa pembeni na mikono yote miwili mapajani, sina cha kufanya, kwa mara ya kwanza mbele ya watu toka nilipokuwa msichana wa rula. Nilikaa tu. Kumbe ni kutamu.

Akapiga kofi la mwisho, akanyamaza. Ukumbi ukalipuka. Mama akageuza viganja akavitazama: vyeusi tii, hadi kwenye vifundo. Akamtafuta Mzee Batholomeo kwa macho.

"Wewe mzee. Kinanda hiki ulikipaka au ulikikaanga?"

Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Mzee Batholomeo akainuka kwenye suti yake, akainama kwa ukumbi mzima kama mtu aliyepongezwa, na sioni kwa nini asingepongezwa.

Baadaye tulikaa kwenye ngazi za nyuma na beseni la maji ya sabuni, upepo ukitupaka vumbi pale pale tunaponawa. Oili ile haitoki kwa sabuni, ilitoka kidogo tu. Mama akauchukua mkono wangu wa kulia, akavikunjua vile vidole viwili kimoja kimoja. Vikajikunja tena. Akavikunjua tena, bila haraka.

"Kwenye ugali niliona," akasema.

"Najua."

"Toka lini?"

"Muda sasa."

Akavisugua kwa povu. "Na huko kwao, bega likipanda, nani anakupokea?"

"Hakuna, mama. Kule unapiga peke yako hadi mwisho. Wao wanakaa gizani wanatazama."

"Wanakutazama bega na hawaji?"

"Hawaji. Wakija wanafukuzwa."

Ndani tulimsikia Mudrick akimweleza Mzee Batholomeo habari za pini, na Mzee Batholomeo akimweleza Mudrick habari za mchwa, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

"Miaka yote hiyo," mama akasema.

"Miaka yote."

Akamwaga maji machafu kwenye vumbi, akanikabidhi beseni kwenye mkono wangu wa kushoto, akashika fimbo yake, akajiinua kwa shida.

"Kazi mbaya hiyo," akasema. "Kazi mbaya sana."

Akaanza kuondoka kumtafuta Abeli. Mimi nikabaki na beseni tupu, nikiirudia ile sentensi yake ya kwanza taratibu, nikiruka lile neno la pili: kazi hiyo.